Kabla ya kukanyaga barafu ya Sólheimajökull: mambo ya kuzingatia

Aliyefika kilele cha Uhuru kwa njia ya Marangu amepita kando ya barafu ya Kilimanjaro. Kuikanyaga ni jambo jingine. Sólheimajökull, kusini mwa Iceland, ni ulimi wa mto wa barafu unaoshuka kutoka barafu kubwa ya mlimani iitwayo Mýrdalsjökull hadi karibu na usawa wa bahari, na hapo unatembea juu ya barafu yenyewe. Hewa nyepesi haisumbui huko chini. Matembezi ya kawaida ni ya saa 3 hivi, nusu yake au pungufu ikiwa juu ya barafu, na mtu mwenye afya ya kawaida anayamudu. Kinachomwangusha msafiri ni maandalizi, na zaidi ya yote ni viatu.

Chini ya buti utafungiwa kramponi, yaani fremu ya chuma yenye meno 10 au 12 yanayong'ata barafu. Fremu hiyo haipindi. Kama soli ya kiatu chako inapinda, kila hatua inailegeza mikanda, na kramponi huchomoka mahali pabaya kuliko pote, kwenye mteremko. Ndiyo maana raba hazikubaliwi hata ziwe za bei kubwa, na waongozaji wako sahihi kumwacha mtu aliyezivaa. Kipimo ni rahisi: shika buti kwa mikono miwili, mmoja mbele na mwingine kisiginoni, ujaribu kulikunja. Likikunjika kirahisi halifai. Pia lazima lifunike kifundo cha mguu, kwa sababu mikanda hubana hapo.

Buti za kukodi zipo kwa kampuni nyingi, ila omba saizi yako unapolipia safari, usisubiri siku yenyewe. Lijaribu ukiwa na soksi ile ile nene ya sufu utakayovaa, kisha gongesha ncha ya buti sakafuni. Vidole vikigonga mbele, chukua kubwa zaidi, maana kushuka kutakuumiza kucha. Ukinunua buti jipya, livae mtaani wiki 2 kabla. Malengelenge ya siku ya kwanza huharibu safari nzima.

Kwa nguo, sahau jinzi na fulana ya pamba. Pamba ikilowa jasho au mvua hukaa na maji na kukunyonya joto. Vaa tabaka tatu: fulana ya sufu au ya nailoni inayogusa ngozi, sweta ya flisi (kitambaa chepesi chenye manyoya kinachotunza joto), halafu jaketi na suruali visivyopitisha maji wala upepo. Suruali isiwe pana miguuni, kwani meno ya kramponi hunasa kitambaa na kukuangusha. Kwa sababu hiyo hiyo gauni refu au buibui halifai juu ya barafu. Suruali na koti linalofika mapajani vinasitiri bila hatari. Hijabu nyepesi inakaa vizuri chini ya helmeti, ila ncha zake zichomeke ndani ya jaketi.

Glavu ni za lazima hata Julai. Barafu ya zamani ina makali na imejaa mchanga wa volkano, na anayejishika kwa mkono mtupu anapoteleza huchunika kiganja. Beba pia miwani ya jua, kwa sababu barafu na theluji hurudisha mwanga machoni, na maumivu huja saa kadhaa baadaye ukiwa umeshalala. Lita 1 ya maji na kitu cha kutafuna vinatosha. Choo kipo kwenye maegesho tu.

Makaratasi yana mtego mmoja ambao wengi hawauoni. Iceland iko ndani ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hivyo mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza, na ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Bima inayodaiwa ni ya matibabu ya euro 30,000 au zaidi. Lakini bima ya bei nafuu inayoridhisha ubalozi mara nyingi huondoa michezo ya milimani, na kutembea kwa kramponi kunaweza kuhesabiwa humo. Iulize kampuni ya bima kwa barua pepe kama matembezi ya barafuni yanayoongozwa yamo, na uhifadhi jibu lao la maandishi.

Unapochagua kampuni, uliza mwongozaji mmoja anabeba watu wangapi na amefunzwa wapi. Kuwa makini zaidi na safari za mapango ya barafu wakati wa joto: Agosti 2024 barafu iliporomoka kwenye Breiðamerkurjökull, mto mwingine wa barafu wa Iceland, na kumuua mtalii mmoja. Kama una pumu, ugonjwa wa moyo, goti bovu au ujauzito, sema mapema. Dawa ya kuvuta iwe mfuko wa ndani, pamoja na simu, maana baridi humaliza chaji.

Kutoka Reykjavik ni kama kilomita 160, saa 2 hadi 2 na nusu barabara ikiwa nzuri. Asubuhi angalia vedur.is kwa upepo na umferdin.is kwa barabara. Unapofungua mlango wa gari ushike kwa nguvu, upepo wa huko huung'oa. Acha simu iwe hewani: chini ya Mýrdalsjökull kuna volkano Katla, iliyolipuka kwa nguvu mara ya mwisho 1918, na mamlaka hutuma onyo kwa ujumbe mfupi kwa simu zilizo eneo hilo. Namba ya dharura ni 112.

Ulimi huu wa Sólheimajökull unayeyuka na kurudi nyuma. Wanafunzi wa shule ya Hvolsskóli wameupima kila mwaka tangu 2010. Basi tarajia kutembea kwanza kwenye mawe na changarawe kabla ya kufika barafuni. Huko, tanua miguu kidogo ili meno yasinase mguu wa pili, na kanyaga kwa wayo mzima, kwa kishindo. Ukishuka, kunja magoti, usitangulize kisigino. Baada ya dakika 10 kagua mikanda. Fuata nyayo za mwongozaji hata pale njia ya mkato inapoonekana salama, kwani theluji nyembamba hufunika nyufa. Mwisho wa safari usivue kramponi mpaka uambiwe: ile changarawe ya ukingoni inayoonekana kama nchi kavu mara nyingi ina barafu chini yake.