Bili ya kumtunza mzee nyumbani ikizidi

Usilipe yote kwanza ndipo ulalamike; pesa ikishatoka, kuirudisha ni kazi. Keti na daftari la zamu analotia sahihi mlezi, uhesabu siku moja moja. Bili ikisema siku 30 kwa shilingi 1,200 kila siku na sahihi za mlezi ziko 26, umezidishiwa 4,800. Nepi na glavu ndipo hasa panapovuja: zinatozwa, na wewe umeshazinunua dukani hapo Malindi. Tunza risiti, taarifa ya M-Pesa utaiomba kwa *334#. Mlezi usimgombeze, bei hapangi yeye, na mama anamngoja kesho asubuhi. Iandikie kampuni iliyomtuma mlezi barua, taja kila tarehe, lipa kiasi usichokibishia, wape siku 14. Wakikaidi, mahakama ya madai madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1.