Jinsi ya kubishana nani bora wa muda wote kwenye chesi bila kuishia kurushiana majina

Huu ubishi kila mtu anaujua unavyoenda, mmoja anasema Carlsen, mwingine Fischer, wa tatu anasema nyie wote watoto, Kasparov ndo baba lao, afu baada ya dakika kumi hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mimi naupenda sana na naona unastahili kubishaniwa vizuri, maana ndani yake kuna zaidi ya miaka 150 ya gemu zilizoandikwa hatua kwa hatua, kitu ambacho michezo mingi haina. Ushahidi upo, shida watu hawautumii.

Kabla hujataja jina lolote, kubalianeni kwanza mnabishania swali lipi. Swali la nani bora ndani yake yamejificha maswali matatu. La kwanza, nani ana uwezo mkubwa zaidi, yaani ukiwakalisha mezani leo nani anawapiga wenzake. La pili, nani aliwaacha mbali zaidi watu wa enzi zake. La tatu, nani alikaa juu muda mrefu huku akipambana na watu wa maana. La kwanza halichukui hata muda, ni Magnus Carlsen, kwa sababu amekua na kompyuta na amerithi kila kitu ambacho wote waliomtangulia walikivumbua kwa jasho. La pili Fischer ana hoja nzito. La tatu ndo lenye utamu, na huko ndo Kasparov anakaa. Ukiona mtu anaanza na swali la pili, akibanwa anahamia la kwanza, msimamishe hapohapo, mwambie ndugu chagua moja tulimalize.

Kitu cha pili, pointi za Elo, zile za kupanga wachezaji kutokana na matokeo yao. Watu wanazirusha kama rungu: Carlsen alifika 2882 mwezi wa tano 2014, Kasparov 2851 mwaka 1999, Fischer 2785 mwaka 1972, kwahiyo basi, mjadala umeisha. Haujaisha. Elo haipimi uwezo wa mtu kama mizani inavyopima kilo za sukari, inapima unavyofanya dhidi ya watu unaocheza nao kipindi hicho, kwahiyo ya 1972 na ya 2014 huwezi kuziweka sambamba ukasema hii kubwa hii ndogo. Tumia pengo. Fischer alipokuwa na 2785, aliyemfuata alikuwa Spassky, bingwa wa dunia mwenyewe, na 2660. Pointi 125! Carlsen kwenye kilele chake pengo lake na wa pili halikufika hata 100. Hiyo ndo namba ya kuleta mezani ukiwa upande wa Fischer, na uiambatanishe na safari yake ya 1971 kwenye mechi za kumtafuta wa kumkabili bingwa, alimpiga Taimanov 6-0, akampiga Larsen 6-0, afu akamtoa Petrosian, bingwa wa zamani, 6.5 kwa 2.5 (sare inampa kila mmoja nusu pointi). Kwenye ngazi ile sare ni kitu cha kawaida kabisa, watu wanacheza gemu nne tano bila mshindi, yeye gemu 12 mfululizo hakutoa hata nusu pointi.

Sasa swali ambalo mimi naliona ndo lenyewe, na ukilishika hili hautapotea kwenye huu ubishi: alipigana na nani, na mara ngapi?

Chukua Lasker. Bingwa wa dunia kuanzia 1894 mpaka 1921, miaka 27, hakuna aliyefika hapo. Inasikika kama mwisho wa mjadala, ila kuanzia 1911 mpaka anavuliwa taji na Capablanca hakucheza mechi yoyote ya ubingwa. Vita vya dunia vilichangia, sawa, lakini miaka ni kitu kimoja na mapambano ni kitu kingine. Chukua Fischer tena, alitwaa taji Reykjavik 1972 kwa kumpiga Spassky, afu hakulitetea hata mara moja, 1975 likaenda kwa Karpov, mgombea aliyekuwa amefuzu kumkabili, bila gemu kuchezwa. Hapo ndo hoja yake inapokatika, na inauma kwa sababu Fischer dhidi ya Karpov ingekuwa mechi ya karne.

Afu chukua Kasparov. Huyu alikutana na Karpov mara tano kwenye ubingwa wa dunia. Mechi ya kwanza ilianza Moscow mwaka 1984, sheria ilikuwa wa kwanza kushinda gemu sita ndo bingwa, sare hazihesabiwi. Karpov akaongoza 4-0 baada ya gemu tisa tu, akafika 5-0, yaani alibakiza ushindi mmoja. Kijana wa miaka 21 akaanza kukaba, sare, sare, sare, wiki zinapita miezi inapita, akapata moja, mwisho akashinda gemu ya 47 na ya 48 mfululizo, ikawa 5-3, na Februari 1985 rais wa FIDE, shirikisho la chesi la dunia, akaisimamisha mechi bila mshindi. Wakarudi mwaka huohuo kwa mechi ya gemu 24, Kasparov akashinda 13 kwa 11. Ukijumlisha mechi zote tano walicheza gemu 144 za ubingwa: Kasparov 21, Karpov 19, sare 104. Angalia hizo namba vizuri. Watu wengine wanasema si ndo hapo, alimzidi kwa gemu mbili tu, mimi nasema geuza: Karpov ndo ushahidi mkubwa wa ukubwa wa Kasparov. Kuwa juu huku chini yako yupo mtu wa aina ile anakupumulia shingoni miaka sita ni tofauti na kuwa juu peke yako.

Na ukitaka gemu moja ya kumwonyesha mtu, Sevilla 1987, gemu ya 24 ambayo ndo ya mwisho. Kasparov alikuwa ametoka kupoteza ya 23, yuko nyuma kwa pointi moja, lazima ashinde ndo afikishe 12-12 abaki na taji, maana mkilingana taji linabaki kwa bingwa. Ungetegemea mtu wa mashambulizi kama yule avamie tangu mwanzo. Hakufanya hivyo, alicheza taratibu, akaacha kete ubaoni bila kuzibadilishana ovyo, Karpov saa ikaanza kumbana akakosea, gemu ikaahirishwa mpaka kesho yake na Karpov akasalimu amri hatua ya 64. Hiyo ndo sifa unayotakiwa kuitafuta kwa mtu unayemwita bora wa muda wote, anafanya nini siku ambayo hana njia nyingine.

Ila usiende kubishana kama hujui hoja kali ya upande wa pili, tena uiseme wewe mwenyewe kabla hujasemewa. Kasparov alivuliwa taji na Kramnik London mwaka 2000 bila kushinda hata gemu moja. Hilo lipo, halifichiki. Na Carlsen ana hoja nzito sana: namba moja duniani bila kukatika tangu Julai 2011, gemu 125 za classical (zile ndefu za saa nyingi) mfululizo bila kufungwa, na 2014 alishika mataji matatu kwa mpigo, classical, rapid (za muda mfupi) na blitz (za dakika chache), tena kwenye zama ambazo kila mpinzani ana injini nyumbani, yaani programu ya kompyuta ya chesi, inayomwambia la kufanya. Akikutana na mtu wa Carlsen, mtu wa Kasparov ajibu kwa mechi za ubingwa za Carlsen za 2016 na 2018, ambapo gemu za classical ziliisha 6-6 ikabidi waamuliwe kwa rapid, na pia kwamba taji Carlsen aliliachia mwenyewe 2023. Mimi nabaki na Kasparov, lakini simshangai hata kidogo anayesema Carlsen.

Kuhusu injini, tahadhari. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Slovenia walipitisha gemu za mabingwa kwenye kompyuta na aliyefanya makosa machache zaidi akatoka Capablanca. Watu wa Capablanca wanaipenda sana hiyo. Lakini Capablanca alipenda gemu zilizo safi, zisizo na vurugu, na kwenye gemu ya hivyo makosa yanakuwa machache kwa kila mtu, Tal, bingwa mwingine wa zamani, angeandikiwa makosa mengi kwa sababu alikuwa anaingiza wenzake msituni makusudi. Kwahiyo ukitumia injini, linganisha gemu zinazofanana ugumu, na usimcheke mtu wa 1920 kwa kitu ambacho simu yako inakiona kwa sekunde mbili.

Na Judit Polgar msimwache nje. Huyu dada alikataa kabisa kugombea ubingwa wa wanawake, akacheza na wote, wanaume kwa wanawake, akafika namba nane duniani, na 2002 alimfunga Kasparov kwenye rapid.

Mwisho, ubao uwe karibu, wa mbao au wa kwenye simu, maana hoja ya chesi inachezwa. Weka Topalov na Kasparov, Wijk aan Zee 1999, simama hatua ya 24 pale ngome nyeupe inapokula kete kwenye mraba wa d4, mwache mwenzako atafute gemu inaenda wapi. Weka gemu ya sita ya Reykjavik, ile ambayo Spassky mwenyewe alimpigia Fischer makofi. Weka gemu ya sita ya mechi ya ubingwa ya Dubai 2021, hatua 136, Carlsen anamkamua Nepomniachtchi kwa karibu masaa manane. Halafu ndo muanze upya.