Flashi inakufa, Drive haifi: jinsi ya kutunza maksi na mitihani ukiwa na simu yako tu

Walimu wenzangu habari za kazi. Kama bado unatembea na flashi mfukoni na ndani yake kuna mtihani wa muhula, maazimio ya kazi na maksi za darasa zima, naomba usome hii. Mimi ilinikuta wiki ya kufunga shule, nimeichomeka flashi kwenye kompyuta ya steshenari nikaprinti mtihani vizuri tu, kufika shule naifungua mafaili yote yamegeuka shotikati, hakuna hata moja linalofunguka, na maksi za wanafunzi 67 zilikuwa humo humo. Nilikaa siku mbili nakusanya madaftari na karatasi za zamani naandika upya jina moja moja.

Dawa yake ni Google Drive, yaani sehemu ya kuhifadhi mafaili yako mtandaoni badala ya kwenye flashi. Cha kwanza ni akaunti. Wengi wetu Gmail iliyopo kwenye simu alitufungulia kijana wa duka la simu na neno la siri alilijua yeye, kwa hiyo siku simu ikiibiwa na kila kitu kimeondoka. Fungua mpya ya kazi, neno la siri litunge mwenyewe na uweke namba ya simu unayoitumia kweli ili ukisahau uweze kuirudisha. Google wanakupa GB 15 bure lakini nafasi hiyo wanagawana Drive, Gmail na picha zako, ndiyo maana nasema akaunti ya kazi iwe peke yake, picha za harusi zikijaza humo hata emaili haziingii. Na uwe unaingia mara kwa mara, akaunti ikikaa miaka 2 bila kuguswa wanaweza kuifuta.

Shule haina mtandao? Hakuna shida kabisa. Ukiwa sehemu yenye neti, fungua apu ya Drive, kwenye faili gusa nukta tatu halafu chagua lipatikane bila intaneti. Kesho yake unaliandika hata kijijini na ukirudi kwenye mtandao linajipandisha lenyewe. Notisi na maksi hazili bando sana, zinazokula ni video na picha. Na hiyo apu ina kamera ya kuskani, mitihani ya zamani iliyochakaa kwenye kabati la idara unaipiga ukurasa kwa ukurasa inakuwa PDF moja safi.

Sasa twende kwenye maksi maana hapa ndipo tunapoteza usiku mwingi. Badala ya kila mwalimu wa somo kuleta karatasi yake kwa mwalimu wa taaluma, fungua Google Sheets (jedwali la mtandaoni kama Excel) moja ya darasa, safu A namba, B jina, C mpaka K masomo 9, kila mwalimu anajaza safu yake kwa simu yake na wote mnaweza kuwa ndani kwa wakati mmoja. Safu L, mstari wa 2 alipo mwanafunzi wa kwanza, andika =AVERAGE(C2:K2) unapata wastani, safu M andika =RANK(L2,L$2:L$68) unapata nafasi (hiyo 68 ni mstari wa mwanafunzi wa mwisho), halafu unaburuta kwenda chini mpaka mwanafunzi wa mwisho. Zile alama za dola usiziache jamani, bila hizo hesabu inateremka pamoja na mstari na mtoto wa mwisho kabisa kwenye orodha atatokea wa kwanza darasani! Gredi nayo ni =IF(L2>=75,"A",IF(L2>=65,"B",IF(L2>=45,"C",IF(L2>=30,"D","F")))). Pia kubalianeni mapema kuhusu mtoto ambaye hakufanya mtihani, maana kiboksi ukikiacha wazi wastani unahesabu masomo aliyofanya tu, ukiandika 0 anaporomoka, na zote mbili zikichanganyika kwenye darasa moja hizo nafasi si za haki.

Kuna siku mwenzetu alitaka kupanga majina kwa alfabeti akachagua safu ya majina peke yake, majina yakahama maksi zikabaki palepale, kila mtoto akawa na maksi za mwenzake. Kwenye kompyuta kuna historia ya matoleo ndani ya menyu ya faili, tukarudisha la saa moja nyuma, dakika mbili imeisha. Faili ukilifuta kwa bahati mbaya nalo linakaa siku 30 kwenye kapu la taka kabla halijapotea moja kwa moja.

Kwenye kushea hapa naomba tuwe makini sana. Kuna kutazama tu, kutoa maoni na kuediti. Notisi za wanafunzi wape kutazama, na kama unataka mwalimu mwenzako apate nakala yake bila kugusa yako, pale mwisho wa linki palipoandikwa edit futa mpaka mwisho uandike copy ndio umtumie. Mtihani na maksi usiweke kamwe "yeyote mwenye linki", andika emaili ya mkuu wa idara na ya mwalimu wa taaluma basi. Na ule mtindo wa kutupa matokeo ya darasa zima kwenye grupu la wazazi tuuache, ni taarifa za watoto wa watu na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, kila mzazi mtumie ya mwanae. Mtoto ambaye kwao hakuna simu janja mprintie kazi ya likizo, asirudi akiwa nyuma ya wenzake kwa sababu ya linki.

Ukilazimika kuprinti steshenari, fungua dirisha la siri kwenye Chrome kwa Ctrl+Shift+N, ingia, printi, kisha toka, na kama ulidaunlodi mtihani ufute mpaka kwenye taka za ile kompyuta. Ukiwa njiani ukakumbuka kwamba hukutoka, chukua simu nenda kwenye mipangilio ya akaunti yako ya Google, upande wa usalama, utaona vifaa vyote ulivyoingilia, gusa ile kompyuta ya steshenari uitoe hapo hapo.