Kupima presha ya gesi na kubadili vizio vyake: mwongozo wa maabara kwa hali ya hewa ya Mombasa

Geji ya tairi kwenye kituo cha petroli inaposoma sifuri, hewa ndani ya mpira haijaisha. Bado imo, na presha yake ni karibu kilopaskali 101, sawa na ya hewa ya nje. Geji imeanza kuhesabu kutoka kwa hewa ya nje, si kutoka utupu. Makosa mengi ya hesabu za gesi yanatokana na jambo hili moja: mtu amechukua namba sahihi bila kuuliza imehesabiwa kutoka sifuri ipi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na sifuri. Kubadili vizio kutafuata baadaye, na ndiko kwepesi zaidi.

Hatua ya 1: Jua sifuri ya chombo chako

Presha, ambayo vitabu vya shule huiita pia kanieneo, ni nguvu inayosukuma kwenye eneo fulani. Paskali moja ni nyutoni moja kwenye mita mraba moja, kipimo kidogo sana, ndiyo maana kila mara tunatumia kilopaskali (kPa), yaani paskali 1,000.

Presha ya geji huhesabiwa kuanzia presha ya hewa inayotuzunguka. Presha kamili huhesabiwa kuanzia utupu. Geji za tairi, za kompresa na za mitungi husoma ya kwanza. Baromita husoma ya pili. Kanuni ya gesi, PV = nRT (P ni presha kwa kPa, V ni ujazo kwa lita, n ni moli, yaani kiasi cha gesi, R ni namba isiyobadilika 8.314, na T ni halijoto), inakubali presha kamili peke yake, na halijoto ya kelvini, yaani sentigredi ujumlishe 273.15.

Chukua tairi lililojazwa psi 32 (pauni kwa inchi mraba). Zidisha kwa 6.895, unapata 220.6 kPa za geji. Ongeza hewa ya nje, tuseme 101.2 kPa, unapata 321.8 kPa kamili. Anayeingiza 220.6 kwenye kanuni atapata moli ambazo ni kama theluthi mbili tu ya hewa iliyomo. Hesabu yake haitakuwa na kosa hata mstari mmoja, lakini jibu litakuwa bovu.

Hatua ya 2: Pata presha ya hewa ya saa ile ile

Usiandike 101.325 kwa mazoea. Hiyo ni thamani ya makubaliano, si hewa ya leo.

Kama huna baromita, programu ya hali ya hewa kwenye simu itakupa namba kwa hektopaskali, na hektopaskali moja ni sawa na milibari moja. 1012 hPa ni 101.2 kPa. Lakini kumbuka kwamba namba hiyo imerekebishwa kuwa ya usawa wa bahari. Ukiwa kisiwani au pwani ya Nyali, marekebisho yako ni madogo: toa hektopaskali 1 kwa kila mita 9 hivi ulizopanda juu ya bahari. Maabara iliyo mita 18 juu ya bahari itatoa 2. Aliye Nairobi akitumia namba hiyo bila kuirekebisha anapotea kabisa, kwa sababu hewa halisi ya huko ni kama kPa 83 tu, ilhali programu itamwambia zaidi ya 1010 hPa.

Hewa nayo ina kujaa na kupwa. Katika nchi zilizo karibu na ikweta presha hupanda kufika kilele mara mbili kwa siku, kama saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hushuka kama saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Tofauti ni hektopaskali chache tu, lakini mwalimu aliyeandika presha asubuhi akafanya jaribio alasiri ameanza na kosa. Msimu pia una sehemu yake: wakati wa kusi presha ya pwani huwa juu kidogo kuliko wakati wa kaskazi.

Hatua ya 3: Chagua chombo kinacholingana na presha

Geji ya mshale ina kiwango cha usahihi kilichoandikwa usoni, mara nyingi 1.6 au 2.5. Namba hiyo ni asilimia ya kipimo chote, si ya pale mshale ulipo. Geji ya bari 10 yenye 1.6 inaweza kukosea kwa bari 0.16, yaani 16 kPa, popote pale mshale unaposimama. Kuitumia kupima milibari 30 ni kupoteza wakati, maana kosa lake ni zaidi ya mara tano ya kitu unachopima. Chagua geji ambayo kazi yako itauweka mshale katikati, kati ya robo ya kwanza na robo ya mwisho.

Kabla ya kufunga, hakikisha mshale umelala juu ya sifuri. Hewa ya chumvi ya Mombasa hula geji za chuma cha kawaida. Zilizojazwa gliserini na zenye mwili wa chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi. Na geji ya oksijeni isiguswe na mafuta wala grisi hata tone, kwa kuwa oksijeni yenye presha inaweza kuyawasha.

Kwa presha ndogo, za chini ya kPa 4 hivi, hakuna chombo cha bei nafuu kinachoaminika kuliko manometa ya maji, yaani mpira wa umbo la U wenye maji ambayo hupanda upande mmoja presha inaposukuma upande mwingine.

Hatua ya 4: Tengeneza manometa

Nunua mita moja na nusu ya mpira unaoonekana ndani, ule ambao mafundi wa ujenzi hutumia kama levo ya maji. Tundu la ndani liwe milimita 6 hadi 8. Jembamba zaidi ya hapo maji hunata ukutani na kusoma hupotoka. Ongeza ubao wa urefu wa sentimita 60, vibanio vya waya, na rula mbili au karatasi ya milimita.

Pinda mpira uwe umbo la U lenye mikono miwili ya sentimita 50, uufunge kwenye ubao. Mpindo uwe mpana. Ukikunjika, maji yatapita polepole na utasoma kabla hayajatulia. Bandika kipimo nyuma ya mikono yote miwili, sifuri zote mbili zikiwa usawa mmoja chini.

Maji yawe safi. Usitumie ya kisima chenye chumvi, wala ya bahari: maji ya bahari ni mazito kwa karibu asilimia 2.5 kuliko maji matamu, na kosa hilo litaingia moja kwa moja kwenye jibu. Weka rangi kidogo ya chakula na tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo ili maji yateleze ukutani. Matone matatu tayari ni povu. Mpira wa tundu la milimita 8 utachukua kama mililita 30 kujaa nusu ya kila mkono.

Piga piga mpindo kwa kidole mpaka viputo vyote vitoke. Kiputo kimoja kikubwa kilichobaki chini kinasogeza mstari wa maji bila presha yoyote kuwepo. Mikono yote ikiwa wazi, maji lazima yasimame sawa. Kisha puliza taratibu upande mmoja, ubane mpira kwa vidole, usubiri dakika mbili. Maji yakishuka, kuna uvujaji kwenye kiungo.

Hatua ya 5: Soma

Unganisha mkono mmoja na chupa yenye gesi, mwingine ubaki wazi. Weka jicho usawa wa maji, usome sehemu ya chini ya mpindo wa uso wa maji. Soma mikono yote miwili kila mara. Kusoma mmoja na kuzidisha kwa mbili kunachukulia kwamba mpira una tundu lile lile kila mahali, na mpira wa dukani hauna sifa hiyo.

Tuseme kushoto ni milimita 98 na kulia 277. Tofauti ni 179. Majedwali husema milimita moja ya maji ni paskali 9.81, lakini hiyo ni kwa maji ya sentigredi 4 na mvutano wa kawaida. Hapa Mombasa maji ya sentigredi 30 ni mepesi kidogo, na mvutano wa dunia karibu na ikweta ni 9.78. Tumia 9.74. Hivyo 179 × 9.74 = 1,743 Pa, yaani 1.74 kPa za geji. Mkono wazi ukiwa ndio wenye maji ya juu, gesi ina presha kubwa kuliko hewa, unajumlisha: 101.2 + 1.74 = 102.9 kPa. Ukiwa wa chini, unatoa.

Hapa pana jambo linalowatesa wengi. Chupa iliyofungwa yenye hewa ya sentigredi 30, ikipata joto la digrii moja tu, presha yake hupanda kwa karibu 0.33 kPa, yaani milimita 34 za maji. Mkono wako ukishika chupa unatosha. Jua la dirishani linatosha. Ukiona manometa inapanda bila mmenyuko wowote, usitafute uvujaji wala usilaumu kemikali. Weka chupa ndani ya beseni la maji, usubiri dakika kumi, uzime feni inayopuliza upande mmoja.

Manometa hii isiunganishwe kamwe na mtungi, kompresa wala mpira wa gesi ya kupikia ya nyumbani. Presha ya mtungi itayarusha maji yote na gesi itajaa chumbani. Kazi hiyo ni ya fundi wa gesi aliyefunzwa.

Hatua ya 6: Badili vizio kwa kupitia paskali

Usikariri jedwali lenye njia ishirini. Peleka kila kitu kwanza kwenye kPa, kisha utoke kwenda unakotaka. Namba za kukumbuka ni hizi:

1 atm (presha sanifu ya hewa) = 101.325 kPa = 760 mmHg (milimita za zebaki)
1 bari = 100 kPa
1 mmHg = 0.1333 kPa
1 psi = 6.895 kPa
1 kg/cm² = 98.07 kPa

Tori moja ni sawa na milimita moja ya zebaki kwa kazi zote za maabara. Jina linatoka kwa Torricelli, Mwitaliano wa karne ya 17 aliyeunda baromita ya zebaki. Zebaki yenyewe iache; mvuke wake ni sumu, na ikimwagika sakafuni haikusanyiki yote.

Mfano: 745 mmHg ni psi ngapi? 745 × 0.1333 = 99.3 kPa. Gawa kwa 6.895, unapata 14.4 psi. Mtungi wa mzamiaji wa bari 200 ni 20,000 kPa, ambazo ni kama psi 2,900. Regyuleta ya gesi ya kupikia ya milibari 30 ni 3 kPa, sawa na 22.5 mmHg.

Angalia sana uso wa geji wenye duara mbili za namba. Kwenye kompresa nyingi duara moja ni psi na nyingine ni bari au kg/cm². Bari na kg/cm² zinatofautiana kwa asilimia 2, kwa hiyo fundi wa tairi hazimsumbui. Anayehesabu moli asizichanganye.

Tahadhari moja kwa watahiniwa. Mwaka 1982 muungano wa kimataifa wa wanakemia ulibadili presha sanifu kutoka 1 atm kuwa bari 1. Kwa sentigredi 0, moli ya gesi ni lita 22.4 kwa kipimo cha zamani na 22.7 kwa kipya. Tumia ile iliyoandikwa kwenye swali lako, hata kama kitabu kingine kinasema tofauti.

Hatua ya 7: Gesi iliyokusanywa juu ya maji

Hapa ndipo yote yanapokutana. Magnesiamu gramu 0.040 pamoja na asidi ya haidrokloriki ya 2 M (moli 2 kwa lita), mililita 10, hutoa haidrojeni ambayo unaikusanya kwenye silinda ya kupimia iliyopinduliwa ndani ya beseni. Pasiwe na moto karibu.

Tuseme umekusanya mililita 43.3 kwa sentigredi 30, hewa ya nje ni 101.2 kPa, na maji ndani ya silinda yamesimama juu kuliko maji ya beseni kwa milimita 120. Safu hiyo inavuta gesi kwenda chini: 120 × 9.74 ni 1.17 kPa za kutoa. Njia bora ni kushusha silinda mpaka maji ya ndani na ya nje yawe sawa, ndipo usome. Ukishindwa kwa sababu beseni ni la kina kifupi, basi toa.

Gesi hiyo pia imechanganyika na mvuke wa maji. Kwa sentigredi 25 presha ya mvuke ni 3.17 kPa, kwa 28 ni 3.78, kwa 30 ni 4.24, kwa 32 ni 4.76. Kwa joto la pwani hili si jambo dogo.

101.2 − 1.17 − 4.24 = 95.8 kPa. Moli = 95.8 × 0.0433 ÷ (8.314 × 303.15) = 0.001646. Kila moli ya haidrojeni imetoka kwa moli moja ya magnesiamu, ambayo ni gramu 24.3. Zidisha kwa 24.3: gramu 0.040, ile ile uliyopima. Ukiacha marekebisho yote mawili unapata gramu 0.0422, na utadhani mizani imekosea.

Mwanafunzi akitumia lita 24 kwa moli atategemea mililita 39.5 kutoka kwa magnesiamu hiyo. Namba 24 ni ya chumba chenye baridi kuliko chetu. Kwa sentigredi 30 na 101.2 kPa moli ya gesi kavu ni lita 24.9; Nairobi, kwa sentigredi 22, ni kama lita 29.6. Kwa hiyo andika halijoto na presha juu ya kila ukurasa wa matokeo, kabla ya kuandika ujazo.