Kufinyanga sura ya Mdenisova kwa kufuata vinasaba

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu hapa Moshi, na wiki iliyopita tulifinyanga pamoja kichwa cha binadamu wa kale kwa ajili ya maonyesho ya sayansi shuleni kwao. Tulivyofanya ni hivi.

Hatua ya 1: Chagua mwenye vinasaba. Yeye alitaka lile fuvu la Olduvai aliloligundua Mary Leakey mwaka 1959. Lakini lina miaka kama milioni 1.75, na umri huo pamoja na joto la huku havibakishi vinasaba. Tukamchukua Mdenisova, mtu wa jamii ya binadamu wa kale waliokwisha toweka, aliyetambuliwa mwaka 2010 kutokana na mfupa mdogo wa kidole cha msichana, kutoka pango la Denisova, Siberia.

Hatua ya 2: Umbo. Fuvu pana, paji lililolala nyuma, taya nene. Mwaka 2019 David Gokhman na Liran Carmel walikadiria umbo la mifupa ya Wadenisova kwa kusoma alama za kemikali zinazozima jeni. Matuta ya juu ya macho igeni kwenye picha za fuvu la Harbin, China, lililotambuliwa mwaka 2025 kuwa la Mdenisova. Fanyeni kwa mkono. Programu za simu sizipendi kabisa kwa kazi hii, zinarudisha sura ya mtu wa leo aliyeongezwa ndevu.

Hatua ya 3: Rangi ya ngozi. Hapa tulikesha mpaka saa saba usiku. Jeni za yule msichana ni za aina ambazo leo huendana na ngozi nyeusi, nywele za kahawia na macho ya kahawia. Sawa, lakini weusi upi? Simama soko la Mbuyuni asubuhi uhesabu weusi uliopo! Majedwali ya kubashiri rangi kutokana na jeni yametengenezwa zaidi kwa kupima watu wa Ulaya, kwa hiyo "nyeusi" yao ni pana mno. Tena rangi ya ngozi haitoki kwenye jeni moja, ni nyingi zinazosaidiana. Mara ya kwanza tulipaka kabla udongo haujakauka, ulipokauka ukapauka kama majivu, tukakwangua wote. Kausheni kivulini kwanza. Kisha pakeni vipande sita vya udongo mkavu, kuanzia maji ya kunde hadi weusi wa mkaa, mviweke karibu na kichwa mchana, si kwenye taa. Sisi tulichukua cha nne, na vile vingine tukavipanga mbele ya kichwa ili watazamaji waone kwamba navyo vinawezekana.

Hatua ya 4: Nywele, katani iliyotiwa rangi inatosha.

Masikio na midomo ni makisio yenu. Andikeni hivyo kwenye kibao, kwa herufi kubwa sawa na zile za jina.