Nembo inayofuata mvua: kuunda utambulisho wa chapa unaobadilika kwa takwimu

Kikundi kimoja cha wakulima wa kahawa wa Uru, juu kidogo ya mji wa Moshi, kiliponiomba nembo ya pakiti zao, mwenyekiti alinionyesha daftari ambamo kila siku saa tatu asubuhi huandikwa mvua iliyokutwa katika kipimamvua chao. Daftari hilo ndilo lililonipa wazo la nembo ambayo sura yake hufuata mvua ya siku saba zilizopita. Hatua zilizo hapa chini nimezipanga upya, kwa sababu mara ya kwanza nilianzia kwenye kompyuta, na kosa hilo lilinigharimu wiki mbili.

Hatua ya 1: Chagua namba moja

Namba hiyo iwe ya mwenye chapa, ipatikane kwa ratiba, na iwe na uhusiano na anachouza. Nilifikiria kuchukua takwimu za hali ya hewa za mtandaoni, lakini mvua ya Moshi mjini si mvua ya Uru: ukipanda mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, mvua huongezeka hadi unapoingia msituni. Milimita moja katika kipimamvua ni sawa na lita moja ya maji katika kila mita ya mraba ya shamba, na mkulima huielewa namba hiyo bila kufafanuliwa. Shawishi ya kuongeza joto, upepo na bei ya mnada utaiona, iache.

Hatua ya 2: Chora kwanza kisichobadilika

Mwaka 2007 Stefan Sagmeister aliiundia Casa da Música, ukumbi wa muziki wa Porto nchini Ureno, nembo ambayo rangi zake huchukuliwa kutoka katika picha ya tangazo husika, lakini umbo lake hubaki kuwa la jengo lenyewe. Nembo ya kikundi chetu nayo ina kilele bapa cha Kibo na jina la kikundi, na chini yake mistari saba ya ulalo inayoteremka kama mifongo, ile mifereji ya asili ya Wachaga. Urefu wa mistari, rangi yake na nafasi ya vizio 10 vya mchoro kati ya katikati ya mstari mmoja na mwingine havibadiliki. Kinachobadilika ni unene pekee. Funika mistari kwa kiganja, kisha umwulize mtu aliyeiona nembo jana kama anaitambua. Akisita, rudi kwenye karatasi.

Hatua ya 3: Geuza namba kuwa umbo

Hapa ndipo kazi nyingi za aina hii huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Niliamua kwamba siku kavu ipate mstari wa unene wa kizio 1, ili mstari usipotee, na siku yenye milimita 60 au zaidi ipate vizio 9. Kanuni yangu ya kwanza ilikuwa nyepesi: gawanya mvua kwa 60, zidisha kwa 8, ongeza 1. Kwa kanuni hiyo milimita 15, ambayo shambani ni mvua ya kuridhisha, hupata vizio 3 tu, na wiki nyingi zikawa zinafanana, kwa kuwa siku za mvua ndogo ni nyingi na za mvua kubwa ni chache. Nilipochukua kipeuo cha pili cha mgao kabla ya kuzidisha, mambo yalikaa sawa:

unene = 1 + 8 × √(mvua ÷ 60)

Sasa milimita 15 hupata vizio 5, na milimita 60 bado hupata 9. Ukitumia duara badala ya mstari, kipeuo hicho ni cha lazima, kwa sababu nusu kipenyo ikiongezeka mara mbili, eneo huongezeka mara nne, na jicho husoma eneo.

Hatua ya 4: Jaribu wiki mbaya

Chapisha kwenye karatasi wiki kavu kabisa, wiki ya masika ambayo kila siku inagonga ukomo, na wiki yenye mvua ya siku moja tu, kila moja kwa upana wa sentimita 2 na kwa upana wa bango. Mimi niliruka jaribio hili. Siku moja niliingiza 12.5 bila nukta, ikawa 125, na kwa kanuni ile ya kwanza, ambayo haikuwa na ukomo, mstari wa Jumatano ukanenepa hadi karibu vizio 18 na kugusana na wa Alhamisi. Ukomo wa 60 unazuia mchoro usiharibike, lakini hausahihishi namba. Ndiyo maana jedwali letu sasa huomba uthibitisho wa chochote kinachozidi 100.

Hatua ya 5: Unganisha jedwali na mchoro

Msomaji wa kipimamvua huingiza namba kwa simu katika jedwali la mtandaoni, na kila Jumatatu programu fupi husoma safu saba za mwisho na kuandika faili la SVG, yaani mchoro unaoweza kukuzwa au kupunguzwa bila kuharibika. Tofautisha sifuri na kisanduku kitupu: sifuri maana yake kipimamvua kilisomwa kikakutwa kikavu, ilhali kisanduku kitupu maana yake hakuna aliyekisoma. Siku isiyosomwa sisi huichora kwa nukta nukta, na tangu tuanze kufanya hivyo, siku za kusahau zimepungua, kwani kila mtu huziona.

Hatua ya 6: Gandisha nakala moja

Mhuri wa kikundi, bango la barabarani na fulana haviwezi kubadilika kila wiki. Wanachama walichagua wiki moja ya masika iliyowapendeza, na hiyo ndiyo inayotumika humo kwa rangi moja. Pakiti huchapwa kwa wingi zikiwa na mlima na jina tu. Mistari huja kwenye stika ya wiki ambayo kahawa ilikaangwa, na chini yake tarehe ya kuanza na ya kumalizia, ili mwenye pakiti mbili aweze kuziweka pamoja na kuona ni ipi iliyokaangwa wakati wa mvua.