Uzeekee Uingereza au urudi Mombasa? Pima kwanza

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ubaya wa likizo ya nyumbani ni kwamba jembe hupewi: wiki tatu unakirimiwa biriani, unapelekwa na kurudishwa, kisha unapanda ndege ya London ukiapa kwamba ukistaafu tu, unarudi. Hapo umeonja ugeni, ukaazi bado. Kama wewe ni Mkenya unayekaribia pensheni Uingereza, safari ijayo ipe kazi.

Usiende Desemba. Shule zimefungwa, jamaa wote wapo, kila siku ni sherehe. Nenda Aprili au Mei, masika yamekolea, ukae wiki sita. Mbili za mwanzo maliza kuzuru na kugawa zawadi. Nne zilizobaki kodi nyumba mtaa ule ule unaoutamani, ununue tokeni za stima mwenyewe, na maji ya mkokoteni mfereji ukikauka. Hesabu mitungi ya lita 20 unayomaliza kwa siku. Visima vingi vya Mombasa vina chumvi, kwa hiyo maji ya kunywa yawekee hesabu yake.

Lipa kila kitu kwa M-Pesa. Mwishoni piga *334#, uombe taarifa ya miamala, uigawe safu tatu: matumizi yako, uliyowapa jamaa, na ya safari tu. Safu ya pili wengi huifuta wakidhani ni ya ugeni. Ukihamia, karo, matanga na harusi hazipungui. Zinabisha hodi mlangoni badala ya kupiga simu.

Matibabu ndiyo huwarudisha watu Uingereza. Andika dawa zako kwa jina la dawa yenyewe, si la kampuni, uulize bei ya mwezi mzima katika maduka matatu. Kisha pima mwendo wa usiku. Ukitaka kujenga Likoni au Diani, toka saa nne usiku uende Hospitali Kuu ya Pwani kwa feri, siku nyingine kwa barabara ya Dongo Kundu, uandike dakika za njia zote mbili. SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hutoza asilimia 2.75 ya mapato, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na asiyeajiriwa hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Bima nyingi za binafsi zina ukomo wa umri wa kujiunga, ulizia mapema.

Sasa karatasi. Pensheni ya serikali ya Uingereza huhitaji angalau miaka 10 ya michango, na 35 kwa kiwango kamili cha mfumo mpya. Kenya utalipwa, ila haitapanda: ukianza na pauni 200 kwa wiki, miaka 15 baadaye ni 200 zile zile. Bajeti basi ifanye ya mwaka wa 15, si ya mwaka wa kwanza. Ukihama kabisa, matibabu ya bure ya NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, hospitalini yanakoma. Kibali cha ukaazi wa kudumu hufutika ukikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo. Uraia haufutiki hivyo.

Upande wa Kenya, uliyechukua uraia wa Uingereza kabla ya katiba ya 2010, omba kurudishiwa wa Kenya kabla ya kugusa ardhi. Asiye raia hupata ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Na shamba alilokununulia binamu, hati ikitoka kwa jina lake, kisheria ni lake. Fanya upekuzi wa hati kwanza, ndipo utume pesa.

Nyumba ya London usiiuze mwaka wa kwanza, ipangishe. Ukikaa nje zaidi ya miezi sita, omba HMRC, mamlaka ya ushuru ya Uingereza, idhini ya kupokea kodi ya nyumba nzima bila makato, la sivyo ajenti atakata asilimia 20 ya ushuru kabla ya kukutumia.